Konzo: Mihogo Michungu na Nyuzi za Ubongo

Mtu akitaka kuinua mguu, amri hutoka kichwani. Seli za ubongo zilizo juu kabisa, chini ya fuvu, hupeleka habari kwa uzi mwembamba sana unaoshuka mpaka ndani ya uti wa mgongo. Huko seli nyingine huipokea habari na kuipeleka mguuni kwa uzi wake. Kitabu cha Mjerumani Otto Deiters, kilichotolewa mwaka 1865 baada ya kufa kwake, kilionyesha kwamba kati ya matawi yote ya seli ya namna hiyo, moja tu ni uzi wa kupelekea habari. Mwaka 1896 Mswisi Albert von Kölliker akaupa uzi huo jina la aksoni.

Hapa kwetu Kongo njia hiyo ya kwanza, itokayo ubongoni mpaka uti wa mgongo, ina adui wa zamani. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa watu wa Kwango, upande wa magharibi wa nchi. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Jina hilo linafaa kweli. Mtu hulala mzima, naye akiamka miguu yote miwili imekakamaa. Baadaye hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, miguu ikipishana kama mkasi. Ugonjwa hauzidi siku kwa siku, lakini hauponi kamwe. Huwapata hasa watoto na mama wenye umri wa kuzaa.

Sababu yake ni nini? Wengi walidhani ni uchawi, au ni ugonjwa wa kuambukizwa. Lakini mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipooza katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 wengine walipatwa huko Tarime, Tanzania. Waganga wakaona kwamba mahali pote chakula kilikuwa kimoja: mihogo michungu isiyotengenezwa vema.

Mihogo hiyo ina sumu ya sianidi. Wazee wetu waliijua dawa yake: kuiloweka siku 3 au zaidi, kisha kuianika. Na mwili nao una dawa yake, kwa maana huivunja sumu iliyobaki kwa nguvu inayotoka katika maharagwe, samaki na nyama. Basi hatari huja mambo mawili yanapokutana: mihogo imelowekwa siku 1 tu, na kitoweo hakuna.

Mwaka 1992 mtaalamu wa chakula Banea na wenzake walieleza jambo la kusikitisha. Katika vijiji vya Bandundu biashara ya mihogo kwenda Kinshasa ilikuwa imekua, na watu wakafupisha siku za kuloweka ili wauze upesi. Fedha iliingia nyumbani, na konzo ikaingia pamoja nayo.

Tusiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali. Mwaka 2011 waganga walitangaza kwamba konzo imetokea Kivu ya Kusini, katika nchi iliyoharibiwa na vita. Nasi watu wa Goma twajua vita maana yake nini. Mkimbizi hana mahali pa kuloweka, wala hana siku 3 za kungoja. Watoto wanalia njaa leo.

Kwa bahati njema kuna msaada. Bwana Howard Bradbury wa Australia alifundisha njia nyepesi: unga wa mihogo huchanganywa na maji, hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka kama hewa, na ugali hupikwa siku ileile. Tangu mwaka 2010 akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, huko Kwango, walifuata njia hiyo, na muda wote walipoangaliwa hakutokea mgonjwa mpya hata mmoja.

Basi, mama anayetandaza unga wake mkekani analinda nyuzi ambazo hakuna mganga awezaye kuziunga tena. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee. Na kwa mihogo michungu neno hilo ni kweli tupu.