Miguu ya Farasi

Nimezaliwa Chilangala, juu ya uwanda wa Makonde, na mpaka natimiza miaka 22 nilikuwa sijamwona farasi kwa macho yangu. Punda nimewaona, tena wa kuhesabu. Farasi, la hasha. Hata hivyo, ndugu msomaji, katika mswada wa riwaya yangu, ambao umo ndani ya kaunta buku mbili, sura ya saba nzima inamhusu farasi. Ni farasi wa afisa wa Kiingereza, hapo Newala, Novemba 1917, siku zile jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck linakimbilia mto Ruvuma. Nilimwandika kwa kubuni: shingo ndefu, manyoya yanang'aa, macho ya moto. Nikamsomea rafiki yangu mmoja, naye akaniuliza, "Sasa huyo farasi, miguu anayo?" Nikapekua kurasa zote 14. Miguu haipo popote.

Basi hapo ndipo nilipoanza kuifuatilia habari ya farasi, na jambo la kwanza nililotaka kulijua ni kwa nini kwetu hawapo. Jibu liko bondeni. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu ukatazama kusini, unaona pori la Ruvuma linavyokwenda mpaka Msumbiji. David Livingstone alipita njia hiyo ya bondeni mwaka 1866. Alishuka Mikindani mwezi Machi akiwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu wawili na punda wanne, maana alitaka kujua wanyama gani wanaweza kustahimili kuumwa na mbung'o. Wakaanza kufa mmoja mmoja. Askari wake wa Kihindi nao waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi, hivyo jaribio lenyewe likaharibika. Ni mwaka 1895 hivi ambapo David Bruce, kule Zululand, alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayebeba kijidudu cha ugonjwa wa nagana. Tena kuna ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na usubi. Huo uliua farasi karibu 70,000 huko Rasi ya Afrika Kusini mwaka 1854 na 1855. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari wapanda farasi waliletwa Tanganyika, na wanyama wao wakafa kwa maelfu. Kwa hiyo farasi wangu wa sura ya saba, kama angekuwa kweli, manyoya yasingeng'aa hata kidogo. Angekuwa mifupa mitupu.

Kumwona farasi mzima ilibidi nisafiri. Mwanzoni mwa mwaka 2019 njomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa anapeleka vinyago vya mpingo Nairobi, akanichukua nimsaidie mizigo. Sisi kwetu mtoto ni wa njomba kabla hajawa wa baba, kwa hiyo sikuuliza mara mbili. Vinyago vikauzika vizuri. Njomba akanihesabia shilingi 3,000 za Kenya mkononi, akasema, "Hizi za kuchapisha kitabu chako. Usije ukaniambia zimepotea." Yaani nimpelekee mtu wa kompyuta, mswada utoke kwenye kaunta buku uwe karatasi za kutumwa kwa mchapishaji.

Jumapili iliyofuata nikamwomba twende Ngong, kwenye uwanja wa mbio za farasi.

Uwanja ule umekuwapo tangu 1954. Kabla ya hapo walowezi walikimbizia farasi upande wa Eastleigh, na mashindano yenyewe Kenya yalianza mapema mno, reli ikiwa bado mpya. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 toka usawa wa bahari, kuna ubaridi, mbung'o ni wachache. Mahali kama hapo farasi anaishi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Wazungu, wenye farasi ni wao na wenye klabu ni wao. Waafrika walikuwamo tangu mwanzo, ila walikuwamo kama masaisi: kulisha, kusugua, kutembeza, kulala zizini farasi akiugua.

Siku hiyo kulikuwa na mbio moja ya farasi wa miaka mitatu, na hapa inabidi nieleze kidogo, maana wengi wetu tunaojua kubeti ni wa mpira kwenye simu, mkeka wa timu kumi, basi.

Zamani Uingereza farasi walishindanishwa wakiwa wamekomaa, miaka mitano au sita, kwa masafa marefu na kwa kurudia mara kadhaa siku hiyo hiyo. Mwaka 1776 kule Doncaster wakaanzisha mbio za St Leger kwa farasi wa miaka mitatu tu. Mwaka 1779 zikaja Oaks, za majike watupu, na 1780 Derby, zote mbili Epsom. Baadaye, 1809 na 1814, Newmarket ikaongeza mbili za maili moja. Hizo tano ndizo kipimo mpaka leo, na Kenya ikaiga majina, ikawa na Derby yake na St Leger yake. Uzuri na ukatili wa mbio hizi ni kwamba farasi ana miaka mitatu kwa mwaka mmoja tu. Ukikosa, umekosa. Ni kama mtihani wa kidato cha nne, ila sisi tunaruhusiwa kurudia.

Na mwenye kutia dau shida yake iko hapo hapo. Farasi wa miaka sita ana historia, unaisoma. Wa miaka mitatu ameshindana mara tatu nne, pengine kwa masafa mafupi, na leo anatakiwa akimbie maili moja na nusu ambayo hajawahi kuimaliza. Ndiyo maana watu hutazama ukoo: baba yake alikuwa wa mbio fupi au ndefu, mama yake alizaa nani. (Ukoo huo, kwa upande wa kuumeni, unakwenda mpaka kwa madume watatu tu waliotoka Mashariki na kuletwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18.) Wanatazama uzito atakaobeba, mtamba akishindana na madume kwenye hizo mbio kubwa hupunguziwa ratili tatu. Wanatazama ardhi, ni ngumu au imelowa. Halafu wanamtazama farasi mwenyewe.

Mfano bora ninaoujua ni wa Nairobi hiyo hiyo, St Leger ya mwaka 1926. Beryl Markham alikuwa na miaka 23. Aliletwa Kenya mtoto mdogo, akakulia kwenye shamba la baba yake Njoro, na ukame ulipomfilisi baba akaenda Peru kufundisha farasi, binti akabaki, akachukua leseni ya ukufunzi bado hajafika miaka ishirini. Miaka hiyo alifanya kazi na arap Ruta, ambaye alicheza naye tangu utoto. Kwa St Leger ile alikuwa amemwandaa dume aitwaye Wrack, farasi ambaye kila mtu alimtaja. Wiki kadhaa kabla ya mbio mwenye farasi akamwondoa, akampeleka kwa mkufunzi mwingine. Mwanamke kijana, nani angemwamini? Kilichobaki zizini kikawa mtamba, Wise Child, mwenye damu nzuri na moyo, ila kano za miguu ya mbele zilikuwa zimeharibika kwa kukimbizwa mapema mno kwenye ardhi ngumu.

Hebu tazama hesabu iliyokuwa mbele ya watu siku ile. Upande huu dume mzima, hana kasoro, tena mazoezi yake yote ya mwanzo kapewa na huyo huyo anayeshindana naye. Upande huu jike mwenye miguu mibovu, safari ya maili moja na robo tatu. Mimi ningeweka kwa Wrack, na wewe pia. Beryl alikuwa amemfanyisha mtamba wake mazoezi kwenye udongo laini, akazihesabu zile kano kila siku kama mtu anayehesabu akiba ya mwisho. Wise Child akashinda. Anavyosimulia mwenyewe katika kitabu chake cha 1942, miguu ilikwisha kabla ya mstari, kilichofika ni moyo tu. Miaka kumi baada ya mbio hizo Beryl aliruka peke yake kwa ndege juu ya Atlantiki kutoka Uingereza kwenda magharibi, na dunia inamkumbuka kwa hilo. Mimi namkumbuka kwa zile kano.

Sasa turudi Ngong. Kabla ya mbio farasi hutembezwa kwenye duara, watu wamezunguka uzio. Walikuwa saba. Nikamwona namba 4, na moyo ukaniruka: shingo ndefu, manyoya yanang'aa, macho ya moto. Farasi wa sura ya saba, kama nilivyomwandika! Pembeni yangu alisimama mzee mmoja, akaniambia alikuwa saisi miaka mingi. Nikamwuliza, "Shikamoo mzee. Namba 4 mnamwonaje?"

"Marahaba. Anatoka jasho na bado hajakimbia," akasema. "Na tazama nyayo. Mguu wa nyuma unatakiwa uvuke alama ya mguu wa mbele. Yule nambari 2 anavuka. Huyo wako anakanyaga nyuma ya alama. Hatua fupi."

Namba 2 alikuwa mtamba mdogo, rangi ya vumbi. Nilimsikia mzee vizuri kabisa. Nikaenda nikaweka shilingi 2,000 kwa namba 4.

Na jinsi dau lenyewe linavyofanya kazi nililijua baadaye, ingawa Joseph Oller aliuanzisha mpango huo tangu miaka ya 1860. Dau zote zinaingia chungu kimoja. Tuseme zimefika 20,000, wenyeji wakate 4,000, zinabaki 16,000. Kama waliomwekea farasi mshindi jumla yao ni 2,000, kila mia inarudi 800. Kama wamemwekea 8,000, mia inarudi 200 tu. Kwa hiyo hushindani na farasi, wala na mwenye uwanja. Unashindana na watu waliosimama nawe kwenye uzio, na farasi mzuri wa macho kila mtu kamwona. Hata namba 4 angeshinda, nisingepata cha maana.

Hakushinda. Mpaka kona ya mwisho alikuwa mbele, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, halafu zile hatua fupi zikaanza kuhesabika. Alifika wa tano. Namba 2 alifika wa pili, maana mzee naye si nabii. Saisi wa namba 4 akampokea, akapiga goti pale pale kwenye majani, akaanza kuupapasa mguu wa mbele, polepole, kutoka goti kushuka chini, akirudia mahali pamoja. Hakutazama shingo wala macho.

Njomba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Zimebaki ngapi?" Nikamwambia elfu moja. Akanyamaza mpaka Arusha.

Mswada bado uko kwenye kaunta buku. Sura ya saba nimeiandika upya mara mbili, sasa ina kurasa 9. Manyoya nimeyafuta. Farasi anachechemea mguu wa mbele wa kushoto, na aliyepiga goti kuupapasa ni kijana wa Chilangala aliyekamatwa kubebeshwa mizigo ya jeshi, ambaye naye kabla ya siku hiyo alikuwa hajawahi kumwona farasi.