Pulao ya Kuku: Kutoka Jiko la Mfalme Hadi Jiko la Mwanafunzi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Hebu nikuulize swali moja kabla hatujaenda mbali. Saa kumi na mbili jioni, siku ya Ramadhan, nyumbani kwenu, mama yuko wapi? Dada zako wako wapi? Jibu unalijua. Wako jikoni tangu alasiri: huku sambusa, huku mihogo ya nazi, huku uji, na viazi vya karai bado havijageuzwa. Adhana inaadhiniwa, wao wanafungua saumu wima, tende mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Kisha twaja sisi vijana, tumeoga na tumejitia manukato, twakaa mkekani na kuuliza, "Kachumbari iko wapi?"

Katika makala haya nataka tuitazame historia ya chakula kimoja ambacho hupikwa chote katika sufuria moja, nacho ni pulao ya kuku ya Pakistani. Najua utasema, "Ah, pilau! Pilau gani nisiyoijua mimi?" Ni kweli, pilau yetu na pulao yao ni ndugu, na majina yote mawili ni jamaa ya neno la Kiajemi, polow. Lakini hii ya Pakistani ina kisa chake, na ndani ya kisa hicho mna funzo letu la mwezi huu.

Tuanze Baghdad

Mwaka 1226, katika mji wa Baghdad, mtu aitwaye Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, Kitab al-Tabikh. Humo mna chakula cha wali na nyama ambacho, ukisoma maelezo yake, utadhani ni cha bibi yako. Nyama inakaangwa kwa mafuta ya mkia wa kondoo, inatiwa mdalasini, bizari na dania kavu, halafu mchele unaivia mumo humo. Huo ulikuwa mji wa Makhalifa wa Bani Abbas. Miaka 32 baadaye, mwaka 1258, Wamongolia waliuvamia, wakamuua Khalifa na kuangamiza watu wengi. Makasri yalikwisha, lakini wali wa nyama haukufa. Uliendelea kupikwa Uajemi, Asia ya Kati na kwingineko, kwa sababu mapishi hayachukuliwi nyara. Hukaa mikononi mwa watu.

Jiko la Akbar

Kutoka Asia ya Kati alikuja Babur, aliyeshinda vita vya Panipat mwaka 1526 na kuanzisha dola ya Wamughal India. Katika kumbukumbu zake Babur alilalamika kuwa nchi ile haina matikiti mazuri, haina barafu, wala hapana mkate mzuri sokoni. Mwanawe Humayun alinyang'anywa ufalme mwaka 1540, akakimbilia Uajemi, akarudi Delhi mwaka 1555. Kupitia njia kama hizo mambo ya Kiajemi yalizidi kuingia India, yakiwemo ya jikoni.

Katika zama za mjukuu, Mfalme Akbar (1556 hadi 1605), waziri wake Abul Fazl aliandika kitabu kikubwa cha Ain-i-Akbari. Humo ameorodhesha hata vyakula vya jiko la mfalme pamoja na vipimo: mchele kiasi gani, nyama kiasi gani, samli, vitunguu, chumvi. Palao imo. Lakini kuna vitu viwili hutavipata humo, yaani pilipili ya kuwasha na tungule. Asili ya mimea hiyo ni bara la Amerika, na waliovuka nayo bahari ni Wareno na Wahispania. Ukali wa chakula cha Akbar ulitoka kwa pilipili manga na tangawizi. Kwa hiyo, ndugu, mtu akikwambia kwa kiburi kuwa "pilau ya asili" ni lazima iwe hivi au vile, mwambie polepole kwamba sufuria hii imepokea wageni tangu zamani.

Ramadhan ya mwaka 1947

Sasa tufike penye uchungu. Pakistani ilizaliwa ndani ya mwezi huu huu mtukufu. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1947 ulikuwa usiku wa 27 Ramadhan 1366, na siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Ramadhan. Idi ilisaliwa tarehe 18. Huku watu wakishangilia, barabara na reli za Punjab zilikuwa zimejaa damu. Waislamu walikimbilia upande mmoja, Mabaniani na Masingasinga upande wa pili. Watu kati ya milioni 12 na 15 walihama makwao, na makadirio ya waliokufa ni kuanzia laki mbili hadi milioni mbili. Kila upande uliua, na kila upande ulilia. Tusiifiche historia kwa sababu inatuuma.

Wahajiri wengi kutoka Delhi, Lucknow na kwingineko waliishia Karachi. Mji huo ulikuwa na watu chini ya laki tano mwaka 1941. Ilipofika 1951 walikuwa wamepita milioni moja. Wengi waliacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Walichokuja nacho hakikuhitaji mizigo: lugha yao, dini yao, na mapishi yao. Na wewe fikiri, mtu anayelala kambini hana majiko manne. Ana moto mmoja na sufuria moja. Chakula kilichowahi kuandikwa katika vitabu vya wafalme sasa kikawa cha mtu anayeanza maisha upya, kwa sababu nyama, supu na wali vyote vyaiva pahali pamoja.

Kuku naye alitoka wapi?

Utashangaa, lakini zamani kuku hakuwa nyama ya haraka wala ya kila siku. Alikuwa wa kienyeji, ghali, wa mgeni na wa Idi, na kumchemsha ni kazi. Mabadiliko yalikuja katikati ya miaka ya 1960, wakati shirika la ndege la Pakistani, PIA, liliposhirikiana na kampuni ya Kanada kuanzisha ufugaji wa kuku wa kisasa mjini Karachi. Naam, shirika la ndege likaangua vifaranga! Kuku wa kizungu anaiva kwa muda mfupi, na ndiyo sababu leo mtu aliyerudi kazini amechoka anaweza kupika pulao kabla ya adhana.

Mchele wa Mwea

Na sisi Kenya tumo ndani ya kisa hiki. Mwaka 1933, katika kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku karibu na Lahore, ilitolewa mbegu ya mpunga iitwayo Basmati 370. Mbegu hiyo ndiyo inayolimwa Mwea na kuuzwa madukani kwetu kwa jina la pishori, jina linalotukumbusha mji wa Peshawar. Mifereji ya Mwea ilianza kuchimbwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, kwa jasho la mahabusu waliofungwa na serikali ya kikoloni. Basi ukila pishori usidhani ni wali mtupu. Jasho la wengi limo.

Namna ya kuipika

Tuseme mko watu wanne. Osha vikombe viwili vya pishori, roweka nusu saa. Chukua kuku mmoja aliyekatwa vipande.

Kaanga vitunguu viwili mpaka viwe rangi ya hudhurungi. Hapa usiwe na haraka, kwani rangi ya pulao inatoka kwenye kitunguu, si kwenye rangi ya dukani. Tia bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kisha thomu na tangawizi. Weka kuku na chumvi, mgeuze mpaka abadilike rangi, umtilie vijiko vitatu vya mtindi na pilipili mbichi. Tia vikombe vitatu na nusu vya maji, funika, acha achemke robo saa. Supu hii ndiyo wanayoiita yakhni, na ndiyo roho ya pulao. Ionje, chumvi yake izidi kidogo kwa sababu mchele utaifyonza. (Wewe umefunga, basi mpe mdogo wako aonje!)

Mwaga maji ya kuroweka, tia mchele, koroga mara moja tu. Maji yakikauka juu, punguza moto kabisa na ufunike vizuri kwa dakika kumi na tano. Wao husema dum, na sisi tukitumia makaa twasema kupalia. Kumbe ni jambo moja. Ukiacha muda wa kuroweka, kazi yote ni ya saa moja au karibu yake, na chombo cha kuosha ni kimoja.

Funzo letu

Ndugu msomaji, Allah (S.W.) katika Suratul A'raf, aya ya 31, ametuhalalishia kula na kunywa na akatukataza israfu. Naye Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) kwamba akipika mchuzi auzidishe maji na awaangalie majirani zake, kama ilivyopokewa na Muslim. Tazama jinsi usia huo unavyoingia ndani ya yakhni. Kikombe kimoja cha maji, nusu kikombe cha mchele, na jirani amepata sahani.

Basi mwaka huu, ewe kijana wa kiume, siku moja tu kwa wiki mwambie mama, "Leo kaa, nitapika mimi." Sufuria moja inatosha. Aliyekuzaa apate kukaa mkekani, afungue saumu kwa utulivu, aombe dua yake ile ambayo haikatazwi kujibiwa, na awahi tarawehe ya safu ya kwanza. Watu walipoteza falme na nyumba, wakabaki na sufuria hii, wakalishana. Sisi tulio na nyumba tutashindwa na nini?

Allah atutakabalie saumu zetu. Ramadhan Karim.

Wabillahi tawfiq.