Mzaha wa Bwana Webster na Haki ya Kuwinda

Tarehe 5 Novemba 2024 raia wa Florida, kwa takriban theluthi mbili za kura zao, waliitia haki ya kuwinda na kuvua samaki katika katiba ya jimbo lao, wakafuata nyayo za majimbo 23 ya Marekani yaliyotangulia. Na wengi wakalipokea jambo hilo kana kwamba limezuka jana, ilhali asili yake ni ugomvi mkongwe wenye masizi usoni na kitanzi shingoni.

Huko Uingereza, kwa sheria ya 1671, mkulima wa kawaida, asiye na ardhi ya kumpa pato la pauni 100 kwa mwaka, hakuwa na ruhusa ya kumwinda hata sungura alaye mboga zake mwenyewe. Na kwa ile ya 1723, aliyekutwa na silaha katika msitu wa mfalme, naye amejipaka masizi asitambulikane, stahili yake ilikuwa kunyongwa. Waliovuka bahari hawakuyasahau hayo, na ndiyo maana Pennsylvania mwaka 1776, na Vermont mwaka uliofuata, ziliandika kwamba wakazi wana uhuru wa kuwinda kwa majira yake katika ardhi zao na katika ardhi yoyote isiyozungushiwa ua, na kuvua katika maji yapitikayo kwa mashua. (Kwamba ardhi hiyo isiyo na ua ilikuwa na wenyewe, Walenape huku na Waabenaki kule, hawakuona haja ya kulitaja.)

Desemba 1787, wajumbe wa Pennsylvania walipoiridhia Katiba ya shirikisho kwa kura 46 dhidi ya 23, walioshindwa walitoa waraka wa kupinga, wakadai, sambamba na uhuru wa dini na wa magazeti, haki ya kuwinda na kuvua. Noah Webster, ambaye baadaye alipata sifa kwa kamusi yake, akawafanyia stihizai: basi na kiongezwe kifungu cha kumhakikishia Mmarekani idhini ya kula, kunywa na kugeuka kitandani! Mzaha mtamu, lakini ni wa mtu ambaye kitoweo chake hakijapata kuharimishwa na serikali. Nasi, ambao babu zetu walilala wawindaji wakaamka majangili kwa amri ya mkoloni, hatuna sababu ya kucheka naye.

Pennsylvania yenyewe ilikiacha kifungu chake katika katiba ya 1790. Rhode Island ikalinda uvuvi mwaka 1843, California mwaka 1910, kisha kimya kirefu hadi Alabama, 1996, ilipofungua mlango ambao majimbo mengine yaliuingia moja baada ya jingine, safari hii kwa kuwahofia watetezi wa wanyama.

Kifungu cha Vermont kingali hai, kimewekewa sharti la kufuata kanuni za bunge la jimbo; kwa hiyo mtu mzima atupaye ndoana mtoni huko leo, pamoja na haki yake ya tangu 1777, sharti awe amekwisha kulipia leseni.