Usanifu wa mfumo

Kirai nomino, ngeli ya U-. Katika taaluma ya kompyuta, ni muundo wa prosesa unaoamua amri ambazo mashine huzielewa na upana wa data inayochakatwa kwa mara moja, kwa kawaida biti 32 au biti 64. Kitenzi kinachoandamana nacho ni *tambua*.

Maana

*Usanifu* hutokana na *sanifu*, neno lenye asili ya Kiarabu. Katika *lugha sanifu*, neno hubeba dhana ya kipimo kilichokubaliwa. Katika *usanifu majengo*, hubeba dhana ya ubunifu wa umbo. Maana ya kikompyuta imefuata upande wa majengo. Kwa hiyo *usanifu* usichanganywe na *usanifishaji*, yaani kitendo cha kukifanya kitu kifuate kipimo kimoja.

Visawe

Usanifu mmoja huitwa kwa majina mengi. Kile ambacho Windows hukiita AMD64, Linux hukiita x86_64, na wauzaji wengi hukiita x64. Vivyo hivyo, aarch64 ya Linux ndiyo arm64 ya macOS, na katika Android hutajwa kuwa arm64-v8a. Programu inayokusudiwa mifumo endeshi mbalimbali hulazimika kuwa na orodha ya visawe hivi. Bila hiyo, itahesabu viwili mahali penye kimoja.

Njia za utambuzi

Mnunuzi wa ufuta, zao linalolimwa Nachingwea na Ruangwa, anaweza kulijua gunia kwa njia mbili: kusoma alama iliyoandikwa juu yake, au kulichoma kwa bambo na kuzitazama punje zenyewe. Programu nazo hufanya hivyo. Kusoma alama ni kuuuliza mfumo endeshi: Linux na macOS hujibu amri ya `uname -m`, na Windows huhifadhi jibu chini ya jina `PROCESSOR_ARCHITECTURE`. Kuchoma bambo ni kusoma baiti za mwanzo za faili ya programu. Katika faili za ELF zinazotumiwa na Linux, baiti ya tano ni 1 kwa biti 32, na 2 kwa biti 64.

Alama huweza kupotosha. Programu ya biti 32 ikiuliza ndani ya Windows ya biti 64 iliyo juu ya prosesa ya AMD64, hujibiwa x86. Ukweli huwekwa katika `PROCESSOR_ARCHITEW6432`. Katika Mac yenye prosesa ya Apple, programu inayopitia kwa mkalimani Rosetta 2 huambiwa x86_64, ilhali mashine ni arm64. Katika Raspberry Pi, kiini cha mfumo huweza kuwa cha biti 64 huku programu zote zikiwa za biti 32. Kwa sababu hiyo maswali ni mawili: prosesa ni ya usanifu gani, na programu zilizomo ni za usanifu gani?

Athari

Kosa la utambuzi lina gharama. Mwalimu wa Ruangwa aliyenunua bando ili apakue programu ya mamia ya megabaiti hupoteza bando lote iwapo faili ni ya biti 64 na prosesa ya kompyuta yake ni ya biti 32, kwa kuwa haitafunguka kamwe. Kinyume chake huwezekana mara nyingi, mradi mfumo endeshi unaruhusu.

Matumizi

*Sahihi:* Fundi wa Nachingwea alitambua usanifu wa kompyuta kabla ya kunakili programu kutoka kwenye flashi.

*Si sahihi:* Kompyuta hii ina usanifu wa Windows.

*Sahihi:* Kompyuta hii ina usanifu wa biti 64 na mfumo endeshi wa Windows.

Sentensi ya pili ina kosa kwa sababu Windows ni mfumo endeshi, na mfumo endeshi mmoja huweza kukaa juu ya sanifu tofauti.