Kiti Mwendo Hupimwa Kama Gauni

Mimi ni mshonaji, na sijaona bibi harusi anayekubali gauni bila kupimwa. Lakini tukimtafutia mama au mdogo wetu kiti mwendo, tunachukua chochote kilichopo. Historia ya kiti hiki inatuonyesha kwa nini hilo lina madhara.

Mwaka 1655, karibu na Nuremberg, Ujerumani, fundi saa Stephan Farffler, aliyekuwa na ulemavu wa miguu, alijitengenezea kiti cha magurudumu matatu akikiendesha kwa mikono. Alikifanya kwa mahitaji yake mwenyewe. Baiskeli za mikono tunazoziona barabarani zinafanana nacho.

Mwaka 1933, Marekani, Herbert Everest, mhandisi aliyevunjika mgongo mgodini, na rafiki yake Harry Jennings wakatengeneza kiti cha chuma cha kukunja, kinachoingia ndani ya gari. Viti vingi vya hospitali leo vimefuata mtindo huo, nao unafaa sakafu laini na lami.

Sasa kipeleke kiti hicho Ijumbi, kule Muleba, mkoani Kagera. Njia ni za udongo, za kupanda na kushuka kati ya migomba, na mvua ikinyesha ni tope. Magurudumu madogo ya mbele yanazama, na aliyekaa anaweza kuanguka kifudifudi. Kwa njia kama hizo, shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991, lilibuni kiti chenye gurudumu moja lililotangulia mbele sana, kisichopinduka kirahisi. Hapa Tanzania, chuo cha TATCOT, Moshi, kimefundisha mafundi wa viti mwendo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: mtumiaji apimwe, kiti kirekebishwe, kisha afundishwe kukitumia.

Basi, kabla ya kununua, angalia anakoishi. Kwa nyumba ya sakafu na safari za gari, cha kukunja kinatosha. Kwa njia mbovu, chenye gurudumu refu la mbele. Baiskeli ya mikono ni ya safari ndefu na mikono yenye nguvu, ila chumbani haiingii. Cha umeme kinataka chaji na fundi wa karibu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji chenye kumshikilia kichwa na kiwiliwili.

Kisha chukua futi. Pima upana wa nyonga, na paja hadi nyuma ya goti. Kikalio kiishie vidole viwili au vitatu kabla ya goti. Pima pia goti hadi kisigino, ili miguu isining'inie. Usisahau mto mzuri. Asiyehisi maumivu hupata kidonda cha kukalia bila kujua, na kidonda hicho kikiingia uchafu kinaweza kuua.

Na bibi harusi wa kiti mwendo apimwe gauni akiwa amekaa: nyuma pasirundikane kitambaa wala zipu ya kumchoma, mikono isiwe mipana ikanaswa na gurudumu.

Umm Salama (RA) alipougua wakati wa Hija, Mtume (SAW) alimruhusu atufu akiwa amepanda mnyama, nyuma ya watu. Kubebwa si aibu. Tumchagulie mwenzetu kipando kinachomfaa.