Herufi Mbili
Kadi ya kliniki ya mamangu ilikuwa na herufi mbili tu: MS. Usiku huo nikazitafuta kwenye simu, nikakutana na ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo ambao Charcot aliueleza kule Paris mwaka 1868. Sikulala.

Kumbe MS ni pia vali ya moyo iliyobana, ugonjwa ambao huku kwetu mara nyingi huanzia utotoni: koo linauma, halafu homa ya baridi yabisi. Ni pia mofini salfeti, dawa ya maumivu makali. Wengine wakiandika MS walimaanisha magnesiamu salfeti, anayodungwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Hizo dawa mbili zikichanganywa, mtu anaweza kufa. Ndiyo maana mwaka 2004 Joint Commission ya Marekani iliiweka MS kwenye orodha ya vifupisho vya kuepukwa: andika jina zima.

Ufupisho humwokolea mwandishi muda. Gharama yake hulipwa na msomaji.

Asubuhi daktari alitueleza: ni vali. Mama, anayehema ngazini miaka yote hii, akamtazama. “Sasa daktari, si mngeandika tu moyo?”