CHINA YA KALE: UTAWALA NI AMANA

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na watu wengi huichukua methali hiyo kuwa ndiyo sheria ya kwanza ya utawala popote duniani. Mwenye mikuki mingi hutawala. Asiye nayo hutii. Lakini yapata miaka elfu tatu iliyopita, huko Asia ya Mashariki, walikuwako watu waliokuwa wametoka tu kushinda vita kubwa, na ambao wangeweza kusema kwamba nguvu zao zawatosha. Hawakusema hivyo. Walitangaza kwamba utawala ni amana, na kwamba amana huondolewa mikononi mwa anayeihini. Watu hao walikuwa Wachina wa nasaba ya Zhou. Ili kuyafahamu maneno yao, yafaa kwanza kuijua nchi yao, wafalme waliowatangulia, na imani waliyoirithi.

Nchi ya China imezungukwa na vizuizi vya maumbile. Upande wa magharibi pana nyanda za juu za Tibet na milima ya Himalaya. Kaskazini lipo jangwa la Gobi. Mashariki ipo bahari. Ndani ya vizuizi hivyo hupita mito miwili mikuu inayotoka magharibi kwenda mashariki. Wa kusini ni Yangtze, wenye urefu wa kilomita 6,300 hivi. Wa kaskazini ni Huang He, yaani Mto Manjano, wenye urefu wa kilomita 5,464. Kati ya mito hiyo imesimama safu ya milima ya Qinling, ambayo huigawa nchi sehemu mbili: kusini penye mvua nyingi na mashamba ya mpunga, na kaskazini penye baridi na ukavu, ambako wakulima wa kale walipanda nafaka ndogo za jamii ya ulezi.

Mto Manjano ulipata jina lake kutokana na udongo. Kabla ya kufika tambarare, mto huo hukata katika nchi ya vilima vya udongo laini wa rangi ya manjano, ulioletwa na upepo kwa muda wa maelfu ya miaka. Udongo huo una rutuba, tena hulimika kwa urahisi hata kwa jembe la mti au la jiwe. Lakini maji huuchukua kwa wingi na kuutuliza chini ya mto, hata katika sehemu za tambarare mto umeinuka juu ya mashamba, ukizuiwa na matuta peke yake. Tuta likivunjika, maji huangukia vijiji. Katika mafuriko ya mwaka 1887 waliangamia watu mamia ya maelfu. Kwa hiyo tangu kale watu wa bonde hilo walijua jambo moja: mkulima mmoja hawezi kuuzuia mto. Ilihitajika kazi ya watu wengi, na watu wengi huhitaji mtu wa kuwaongoza.

Haishangazi basi kwamba hadithi ya Wachina kuhusu mwanzo wa ufalme ni hadithi ya mafuriko. Husimuliwa kwamba mtu mmoja jina lake Gun alipewa kazi ya kuzuia maji, akajenga kuta kwa miaka tisa, na maji yakazivunja. Mwanawe, Yu, alipoishika kazi hiyo alichimba mifereji ili maji yapate njia ya kwenda baharini. Alifanya kazi miaka 13, na mara tatu alipita mbele ya mlango wa nyumba yake asiingie, maana kazi ilikuwa haijakwisha. Kwa utumishi huo akapewa ufalme, na kutoka kwake, kwa mujibu wa masimulizi, ilianza nasaba ya kwanza, yaani Xia. Wanahistoria wa China huiweka nasaba hiyo kati ya mwaka 2070 na mwaka 1600 kabla ya Kristo. Huko Erlitou, katika jimbo la Henan, wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua tangu mwaka 1959 wamekuta mji wenye majumba makubwa na karakana za shaba. Wataalamu wengi wa China wanauona kuwa ni mji wa Xia, ingawa hayajapatikana humo maandishi ya kuthibitisha jina hilo.

Nasaba ya pili, Shang, haina shaka hiyo, kwa sababu wafalme wake wameacha maandishi. Yalivyogunduliwa maandishi hayo ni kisa chenye mafunzo. Kwa miaka mingi wakulima wa karibu na mji wa Anyang walikuwa wakiokota mifupa mashambani na kuiuza kwa wauza dawa, walioiita mifupa ya joka na kuisaga kuwa unga. Mwaka 1899 ofisa mmoja msomi wa Beijing, Wang Yirong, alitambua kwamba alama zilizochorwa juu ya mifupa hiyo ni herufi za kale. Mwaka 1928 ufukuaji rasmi ukaanza, na chini ya mashamba ya Anyang ukaonekana mji mkuu wa mwisho wa Shang. Mpaka leo vimepatikana vipande zaidi ya 150,000.

Mifupa hiyo ilikuwa ya ramli. Watu wa Shang waliamini kuwapo kwa mkuu wa mbinguni aliyeitwa Di, mwenye amri juu ya mvua, upepo, mavuno na ushindi. Lakini Di alikuwa mbali. Waliokuwa karibu ni mizimu ya wafalme waliokufa, na hao waliweza kumwombea mfalme aliye hai, au kumletea maradhi wakikasirika. Mfalme alipotaka kujua jambo, mwaguzi alichukua mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la tumboni la kobe, akachimba vishimo upande mmoja, akavitia moto mpaka upande wa pili ukapata nyufa. Mfalme akazisoma nyufa hizo. Kisha swali, na mara nyingine jibu na matokeo yake, vikachorwa juu ya mfupa. Waliuliza kama mvua itanyesha. Kama jino la mfalme linauma kwa sababu ya hasira ya babu fulani. Kama vita vya mwezi ujao vitakuwa vya heri.

Katika mifupa ya enzi ya mfalme Wu Ding, aliyetawala yapata mwaka 1250 hadi 1192 kabla ya Kristo, limetajwa mara nyingi jina la mmoja wa wake zake, Fu Hao. Mama huyu alikuwa amiri wa jeshi. Mfupa mmoja unataja mwito wa vita wa watu 13,000 chini ya uongozi wake. Mfupa mwingine unahusu uzazi wake: mfalme alitabiri siku za heri, lakini mtoto akazaliwa siku nyingine, na mwandishi akachora kwamba haikuwa heri, kwani alikuwa msichana. Mwaka 1976 kaburi la Fu Hao lilifukuliwa likiwa halijaguswa na wezi. Ndani yake mlikuwa na vyombo na silaha 468 za shaba iliyochanganywa na bati, vitu 755 vya jiwe la kijani lililo ghali kwa Wachina, na simbi zipatazo 6,900. Mlikuwa pia na mifupa ya watu 16 waliouawa ili wamsindikize.

Hapo ndipo unapoonekana upande wa pili wa utukufu wa Shang. Nguvu yake ilikuwa kubwa. Walikuwa na mashoka ya vita ya shaba, walikuwa na magari ya vita yakokotwayo na farasi, na walijua kuandika. Lakini mateka wa vita, hasa watu wa Qiang wa upande wa magharibi, walichinjwa kwa mamia kuwa sadaka za mizimu ya kifalme. Kwa imani hiyo, ufalme ulikuwa mali ya ukoo mmoja, kwa kuwa ni mizimu ya ukoo huo peke yake iliyosikilizwa na Di. Raia hakuwa na la kudai, na jirani hakuwa na la kutumaini.

Magharibi ya Shang, katika bonde la mto Wei, waliishi watu wa Zhou, waliokuwa chini ya himaya ya Shang. Mwaka 1046 kabla ya Kristo, kwa hesabu inayokubaliwa na wataalamu wengi wa China, kiongozi wao Mfalme Wu aliongoza jeshi na washirika wake mpaka uwanja wa Muye, karibu na mji mkuu. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika yapata miaka 100 kabla ya Kristo, anasema Zhou walikuwa na magari 300 ya vita, askari hodari 3,000 na wenye deraya 45,000. Upande wa Shang anaupa watu 700,000, hesabu ambayo wachunguzi wa leo hawaiamini. Jambo analolitilia mkazo ni jingine. Anasema askari wa Shang hawakuwa na moyo wa kupigana. Waligeuza silaha zao na kuwafungulia adui njia. Mfalme wa Shang alikimbilia jumba lake akajichoma moto. Chombo kimoja cha shaba kilichofukuliwa mwaka 1976 katika jimbo la Shaanxi, na kilichotengenezwa siku chache baada ya vita hivyo, kinathibitisha kwamba Shang ilishindwa asubuhi moja.

Washindi wakakabiliwa na swali gumu. Ikiwa mizimu ya Shang ndiyo iliyosikilizwa mbinguni, imekuwaje ukoo huo ukaanguka? Na kwa nini watu wa Shang, waliokuwa wengi, wawatii Zhou? Jibu lao liliitwa Idhini ya Mbingu. Mbingu, walisema, haina ukoo iupendao. Humpa idhini ya kutawala mtu mwenye uadilifu, na humnyang'anya mwenye kuonea watu, kulewa na kusahau kazi. Waliwakumbusha Shang kwamba hata babu yao, Tang, aliuondoa ufalme wa Xia kwa hoja hiyo hiyo. Jambo la maana zaidi ni kwamba walijitia wenyewe ndani ya sheria hiyo: Zhou nao wakiharibu, wataondolewa.

Ni kweli kwamba hoja hiyo ilimfaa mshindi. Baadaye kila muasi aliyefanikiwa alidai kwamba Mbingu iko upande wake, na kila aliyeshindwa akaitwa mwizi. Upanga ulikuwa bado ndio unaoamua. Hata hivyo, tangu siku hiyo aliyeushika upanga alilazimika kueleza ameushika kwa ajili ya nani, na mwenendo wake ukapimwa.

Wa kwanza kupimwa alikuwa ndugu yake Mfalme Wu, anayejulikana kama Mtemi wa Zhou. Mfalme alifariki miaka michache baada ya ushindi, akamwacha mtoto mdogo. Mtemi akashika madaraka na jeshi lote. Ndugu zake wengine wakamshuku, wakaasi pamoja na mwana wa mfalme wa Shang, naye akauzima uasi huo kwa vita vya miaka mitatu. Hakubaki mtu wa kumzuia. Lakini masimulizi yanasema kwamba katika mwaka wa saba, mtoto alipokuwa mtu mzima, Mtemi alimkabidhi utawala na kurudi mahali pake kama mtumishi. Kwa tendo hilo aliheshimiwa kuliko kwa vita vyote alivyoshinda, na karne tano baadaye Confucius alimtaja kuwa mfano wa kiongozi.

Wajukuu wa Zhou hawakuwa wote kama yeye. Mfalme You, husimuliwa, aliwasha mioto ya hatari mlimani bila adui yeyote, ili kumchekesha mke aliyempenda. Majeshi ya mikoani yakaja mbio, yakachekwa. Kisa hicho huenda ni ngano. Lakini ni kweli kwamba mfalme huyo alimwondoa malkia wake na mrithi halali, akawageuza wakwe zake kuwa maadui, na mwaka 771 kabla ya Kristo washambuliaji wa magharibi walioungana nao wakamwua na kuuteka mji mkuu. Nasaba ilihamia mashariki ikabaki na jina, nguvu ikiwa imekwisha.

Waswahili husema cheo ni dhamana. Wachina wa kale waliufikia ukweli huo baada ya mafuriko, sadaka za watu na uwanja wa Muye. Askari wa Shang walikuwa na silaha mikononi asubuhi ile, tena, kwa masimulizi, walikuwa wengi kuliko adui. Kilichopungua ni sababu ya kuzitumia kwa ajili ya mfalme yule. Naye Mtemi wa Zhou alikuwa na kila silaha ya kubaki juu, akakumbuka kwamba alichoshika hakikuwa chake.